Vipimo vya Nyumba ya Mama Katungu

Siku ya kwanza, fundi Ananie Kambere alipima ukuta mrefu wa saluni, yaani sebule, akapata mita sita. Akahesabu plaque za plâtre, zile mbao za jasi za kufunika kuta, na ndoo za mastic ya kuziba maungio yake, akaandika. Ilikuwa mwaka 2001, mjini Beni, katika nyumba ambayo kapteni mmoja wa waasi aliichukua baada ya mwenye nyumba kukimbilia Butembo na kufia huko.

Siku ya pili ukuta uleule ulikuwa mita tano na sentimita sitini. Siku ya tatu, tano na ishirini. Ananie aliazima mita ya mwashi wa parokia. Nayo ilisema hivyohivyo.

Vifaa vyote vilipaswa kuja na lori moja kutoka Butembo, kwa vile barabara haikuruhusu la pili. Mathe, fundi aliyemtangulia, alipungukiwa ndoo mbili tu za mastic, akawekwa siku nne ndani ya shimo nyuma ya kambi. Sasa Mathe analima maharagwe.

"Kesho unanipatia hesabu," kapteni alisema. "Ya kweli. Hapana ya kubahatisha."

Asubuhi ya nne alikuja Mama Katungu, mjane wa mwenye nyumba, kuchuma sombe yake, majani ya muhogo, nyuma ya jikoni. Alipokanyaga saluni, mita ilijivuta mkononi mwa Ananie.

"Inasema ngapi?" mama aliuliza.

"Sita na makumi munane."

"Ni vile. Bwana yangu alijenga vile."

Akatoka kuelekea shambani. Ukuta ukanywea hadi mita tano.

Ananie alimweleza kapteni yote, maana woga haukumwachia nafasi ya kutunga uongo. Kapteni hakushangaa, kwani tangu Jumapili alikuwa akigonga kichwa kwenye dari.

"Donc, akuye kila siku," alisema. "Andika hesabu yake."

Ananie alimfuata mama kwenye sombe. "Mama, unisamehe. Mastic ikipunguka, mimi naingia mu shimo."

"Andika, mutoto yangu. Uko na batoto."

Kazi ilichukua wiki tatu. Mama Katungu aliketi katika kila chumba walichokuwa wakiziba, akimenya viazi. Mastic ilitosha, haikubaki hata kijiko. Baadaye aliendelea kuja kila asubuhi, na jioni alirudi katika chumba alichopanga kule Mavivi, nje ya mji. Usiku, nyumba ikinywea tena, kapteni alilala amekunja magoti, akazoea.

Mwezi wa kumi na mbili kapteni alimwita Ananie tena. Alitaka kuongeza chumba cha wageni. Akamgeukia Mama Katungu.

"Uko na binti?"

"Niko na mumoja. Kavuo. Iko Butembo."

"Atakuya na lori ya mastic. Ye atakaa mu chumba ya mupya."

Ananie akaandika: plaque kumi na mbili, ndoo tatu za mastic, Kavuo mmoja.