Magendo ya Joselyne

Wakati wa vita hakuna aliyemcheka Joselyne kwa wembamba wake, kwa sababu kila mtu alikuwa mwembamba. Tatizo lilianza amani iliporudi. Wenzake aliorudi nao Rwanda kutoka Bukavu walinenepa wakapendeza, wakawa hawapiti mlangoni bila kugeuka ubavu. Makalio ya watu wote yalikuwa yamerudi nyumbani. Ya kwake, alipenda kujiambia mbele ya kioo, yalibaki ukimbizini.

Alikuwa fundi cherehani, basi akajishonea mengine. Alikata sponji ya godoro vipande viwili, akavipachika ndani ya kaptula ya kubana, akavaa sketi juu yake. Jumapili hiyohiyo kanisani Adrien, mchuuzi wa dagaa wa sambaza kutoka Bukavu, alimsalimia mara mbili. Mambo yakaenda mpaka uchumba, na sponji ikaenda nayo. Kukiwa na joto ilimwasha kama upupu, naye akavumilia huku akitabasamu.

Lakini harusi ilikaribia, na sponji ingeweza kumfikisha madhabahuni tu, si chumbani. Ndiyo maana alivuka mpaka kwa daraja la Ruzizi kwenda kumwona mtu mmoja wa Bukavu aliyejiita dokta, aliyekuwa akiwachoma wanawake sindano za kuongeza makalio. Dokta alimpima kwa macho, akaguna, akamwambia arudi Ijumaa. Joselyne aliondoka amefurahi kama mtu aliyepata kiwanja.

Kwenye forodha ya Rwanda, Maman Mukagasana, aliyekuwa akiwapekua wanawake, alimtazama mara moja tu. Wachuuzi wengi walikuwa wakijiviringishia vikwembe, yaani vitenge vya kuuza, kiunoni ili wavipitishe bila ushuru, na mama huyu alishazijua nyonga zisizotikisika.

"Weye, maman. Kuya huku nyuma ya rido. Umebeba bikwembe ngapi?"

Joselyne alipima upesi aibu zake mbili. Magendo lilikuwa kosa la faini tu, la watu wenye heshima. Hata wake za wachungaji walishakamatwa nalo.

"Bitatu," alisema. "Niandikie amande, nilipe, niende."

"Nitaandika amande ya bintu sijaona? Toa."

Hakukuwa na namna. Akaingia nyuma ya pazia, akatoa. Mukagasana aliibonyeza sponji, ikainuka. Akaibonyeza tena. Kisha akalicheka godoro lile mpaka kofia ikamwanguka.

"Yebabawe! Kuyeni muone! Muntu anapitisha matela!"

Nje, Adrien alikuwa amefika mbio, maana wachuuzi wenzake walimwambia mchumba wake amekamatwa na magendo. Joselyne alitoka nyuma ya rido ameshika sketi isimporomoke, sponji iko kwapani. Alitamani ardhi ipasuke immeze; kwa umbo lake, isingehitaji kupasuka sana.

"Adrien, haiko magendo," alisema. "Iko..."

"Nilijuaka," Adrien alimkatiza. "Ile siku ya mvua, kwa kanisa. Sisi bote tulikauka, weye ulibakia unatonya maji mpaka wakati wa sadaka."

"Na haukusema?"

"Niliona unaipenda."

Joselyne alikasirika mpaka akalia. Upele wote ule, joto lote lile, na mtu pekee aliyedanganywa na makalio yale alikuwa mvaaji wake! Kwa hasira akamwambia Adrien yote: dokta, sindano, Ijumaa.

Adrien, aliyekuwa karibu kucheka, hakucheka tena.

"Hii umeivulia nyuma ya rido," alisema, akiigusa sponji. "Ile ya dokta utaivulia wapi?"

Joselyne aliogopa kwelikweli, kwa mara ya kwanza. Alikunja kiuno cha sketi akakipiga fundo, akampa Adrien sponji aibebe, akashika njia ya kupanda Kamembe, nyumbani. Siku zote alikuwa akimtanguliza Adrien njiani, akisingizia heshima, kumbe alichelea sponji isije ikahama naye akaiona. Siku hiyo alitangulia yeye, wala hakugeuka kuangalia kama anatazamwa.