Vichuguu vya Pembetatu

Walimu wenzake pale chuoni walikuwa wamemcheka mzee mpaka wakachoka wenyewe. Tangu ujanani alishikilia kwamba jiwe la kuchujia maji lina vichuguu vya pembetatu, vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kwamba hivyo ndivyo vinavyonasa sumu. Hakuna aliyewahi kuviona. Wakambandika jina, Mzee Vichuguu. Sasa, akikaribia kustaafu, mkaza mwanawe alikuwa ameviona!

Binti huyo ndiye aliyekuwa fundi wa darubini ya sindano. Usidhani ni ile ya kuchungulia. Hii haioni, inapapasa: sindano yenye ncha kali ajabu hupita juu ya jiwe mstari kwa mstari, na kompyuta inachora pote ilipopanda na iliposhuka. Na picha zilipendeza, jamani! Vichuguu tele, vyote pembetatu, vyote vimeelekea upande mmoja. Mzee alizijaza ukutani, akawaalika wote waliomcheka waje wazione mchana huo.

Kuelekea upande mmoja ndiko kulikomnyima binti usingizi. Fundi yeyote wa kazi hii anajua kwamba sindano ikimeguka ncha, kila chembe ya vumbi inayoigusa huchorwa kwa umbo la ncha hiyo, daima upande uleule. Kujua ukweli si kazi: zungusha jiwe. Vichuguu vikigeuka nalo, ni vya jiwe. Visipogeuka, ni vya sindano. Mbona basi hakuzungusha mapema? Aliogopa, ndiyo hivyo! Wewe ungeweza kumvua nguo baba mkwe wako mbele ya watu, tena mkwe anayekupenda kuliko mwanawe wa kumzaa?

"Mwache mzee afurahi," mumewe alimwambia asubuhi hiyo wakivaa viatu. "Utamuua."

Hata hivyo alipofika kazini alipiga moyo konde, akalizungusha jiwe. Picha ikaanza kujichora taratibu. Vichuguu havikugeuka hata kidogo.

Mzee akaingia, tai mpya shingoni.

"Unatafuta vingine, mwanangu? Hivi tulivyonavyo vitawatosha!"

"Baba, nisamehe. Nimezungusha jiwe."

Mzee hakuwa mjinga. Alitazama kioo cha kompyuta, akatazama picha za ukutani, akarudi kwenye kioo. Akavuta kiti, akakaa polepole.

"Badilisha sindano," alisema.

Akabadilisha. Picha mpya ikashuka: jiwe bapa, tupu, na vumbi hapa na pale.

"Labda hapo ni pabaya. Sogeza kushoto kidogo."

Akasogeza. Bapa.

"Haya, kulia."

Bapa vilevile. Ukumbi ulikuwa chumba cha pili tu, na wageni walishaanza kuingia, wanasalimiana na kuburuza viti.

"Baba, niende niwaambie mkutano umeahirishwa?"

Mzee alivuta kiti karibu zaidi na kioo, pua ikikaribia kukigusa.

"Kushoto tena, mama yangu. Mbali kidogo kuliko mwanzo."

Binti alijua hakuna kitu huko. Mzee naye alijua, sauti yake ilionyesha. Lakini angemkatalia kwa mdomo gani? Akasogeza.