Chupa Kumi na Moja za Bi Nta

Mimi ni daktari wa meno, na nina mdomo. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure. Barua iliyotaka Bi Nta asiongezewe mkataba niliiandika mimi, kwa mkono wangu, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba na mwenye akili timamu.

Bi Nta ndiye aliyekuwa akitutengenezea meno ya bandia. Jina lake halisi lilikuwa kwenye makaratasi tu. Sisi wote tulimwita hivyo kwa sababu kucha zake hazikukosa nta ya waridi, ile anayochongea ufizi kabla ya kuutia plastiki. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kliniki, chenye sinki lililoganda plasta na sufuria pana ya umeme ya kupikia kalibu, zile fomu za kuumbia meno. Mteja wake alikuwa mmoja tu, yaani sisi. Mkataba wake ulibakiza siku arobaini, na mwenye kalamu ya kuurefusha au kuukata alikuwa mkuu wa kliniki, mtu wa maneno machache ambaye ukimsalimia hujui kama amekusikia.

Ndani ya miezi mitatu wagonjwa watano walikuwa wamenirudishia meno. Ufizi uliotoka kwetu ukiwa wa waridi ulikuwa umegeuka mweupe kama chaki, na ukiupitishia kidole unakwaruza. Seti moja yenye vishikizo vya chuma ilikuwa imeota madoa meusi. Wa tano alikuwa mwalimu mstaafu, mama aliyefundisha watoto kusoma kwa miaka zaidi ya thelathini. Alifungua leso mezani kwangu, akanionyesha meno yake, akasema siku hizi akicheka na wajukuu hufunika mdomo kwa kiganja. Hilo lilinichoma. Nilimaliza wagonjwa wangu wa asubuhi, nikaenda karakana moja kwa moja na ile leso yenye meno, nikamwaga yote niliyokuwa nayo kifuani. Nilimwambia anabania poda ya plastiki, anachanganya plastiki nyepesi kama uji wa mgonjwa, na anatuharibia jina.

Bi Nta aliendelea kuchonga nta. Nilipoishiwa pumzi alinawa mikono, akakausha kidole kimojakimoja, akavuta kopo kutoka chini ya meza.

Ndani ya kopo mlikuwa na maji, na ndani ya maji vipande vya plastiki ya waridi, kila kimoja urefu wa kidole. Kumbe kila alipochanganya plastiki ya seti ya mtu, masalio hakuyatupa. Aliyabana yakawa kipande, akakipika katika maji yaleyale kwa muda uleule, akachora namba ya ile seti, akakitunza. Aliviita ndugu. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, na alikuwa amefanya kwa miaka kumi na minne. Akatafuta ndugu wa meno ya mwalimu, akamlaza kando ya yale meno kwenye leso. Mmoja wa waridi, mwingine mweupe, na wametoka bakuli moja.

Mtu mwenye haya angenyamaza hapo. Mimi nikasema ndugu huyo amekaa maisha yake yote kwenye maji matulivu, hajui shida za mdomoni, kwa hiyo si ushahidi.

Bi Nta akafikiri kidogo. "Ni kweli, daktari," akasema. "Basi tuwaonyeshe shida."

Nami nikaenda kuandika barua. Mkuu wa kliniki aliisoma, akamwita Bi Nta, akamwambia ana hadi siku ya mwisho ya mkataba kuonyesha kwamba plastiki yake ni nzima. Asipoonyesha, kazi itapelekwa kwa karakana nyingine.

Kesho yake nilikuta chupa kumi na moja za jemu zimepangwa kwenye rafu nyuma ya mlango wa karakana. Nikauliza kwa kejeli kama dirishani hapakutosha. Akanijibu kwamba jua nalo hufifisha rangi, na hakutaka jua limsaidie wala limwonee. Ya kwanza ilikuwa na maji matupu. Zilizofuata zilikuwa na kila kitu ambacho watu huloweka meno: maji ya sabuni, siki iliyozimuliwa, chumvi, magadi, vidonge vya kusafishia meno vya dukani, mpaka spiriti. Nne za mwisho zote zilikuwa za klorini, ile dawa ya kung'arishia nguo. Moja aliweka kifuniko kimoja kwa nusu lita, na vipande aliviloweka dakika kumi tu kabla ya kuvirudisha kwenye maji safi. Ya pili kipimo hichohicho, lakini vikae muda wote. Ya tatu nusu maji nusu klorini. Ya nne kama ya tatu, ila kwa maji ya moto. Kila chupa ilipata ndugu sita wa seti sita tofauti, kipande cha ile bitana laini tunayowawekea wenye ufizi mwembamba, na waya wa kishikizo.

Nilidhani ataloweka kisha akae asubiri. Wapi. Alimwaga na kuchanganya upya kila baada ya saa nane, kwa sababu klorini ikikaa hufa nguvu, na mgonjwa nyumbani huchanganya mpya kila anapolala. Kwa hesabu yake siku moja ya karakana ilikuwa sawa na mgonjwa kulala mara tatu. Jumamosi alikuja, Jumapili alikuja, na katikati ya hayo meno ya wagonjwa wangu yalitoka kwa wakati kama kawaida. Nilitafuta hata seti moja iliyochelewa ili nipate la kusema, sikuipata.

Mwanzoni nilipita pale kumchokoza tu. Nilimuuliza kama achari imeiva. Yeye alikuwa akitoa vipande, anavikausha, kisha anapitisha kipande cha pamba juu ya kila kimoja taratibu. Palipo laini pamba huteleza. Palipoanza kukwaruza huacha nyuzi, naye huzihesabu na kuandika daftarini. Nimesoma miaka mingi, nimeona mashine za kupimia ukwaruzo zenye bei ya nyumba, lakini mtu aliyefikiria pamba nilikuwa sijamwona.

Wiki ya kwanza haijaisha, vipande vya spiriti vilipata nyufa ndogondogo. Wiki ya pili waya za klorini zilianza kuwa nyeusi, na bitana laini ikakakamaa. Ya maji ya moto ndiyo iliyotisha. Vipande vilianza kupauka, na ukivilaza juu ya kioo vinayumba kwa kupinda. Ile ya nusu kwa nusu ikafuata. Lakini vya siki vilibaki na rangi yake, na vya kifuniko kimoja kwa dakika kumi vilikuwa vya waridi kama siku ya kwanza. Kufikia hapo kejeli zilikuwa zimenikauka. Nilikuwa nafika kazini mapema ili nikute anapitisha pamba, na nikikosa siku moja najisikia vibaya.

Swali likabaki moja. Ni nani mwenye akili zake angeloweka meno katika klorini nusu kwa nusu? Siku ya thelathini na nne nikaenda nyumbani kwa mwalimu, nikamwomba anionyeshe anavyosafisha.

Alinionyesha kama anayefundisha darasa zima. Akachemsha maji, akamimina nusu glasi, akajazia klorini mpaka juu. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi, ni nani aliyemfundisha hivyo. Alifungua kabati la juu ya sinki, na upande wa ndani wa mlango ilikuwa imebandikwa karatasi ya kliniki yetu, chini yake sahihi yangu.

Niliiandika mwaka uliotangulia, kwa robo saa, huku nikisubiri mgonjwa afe ganzi. Ilisema meno yalowekwe usiku kucha katika maji ya moto na klorini ya kutosha. Kutosha kiasi gani, haikusema. Kuhusu vyuma, kimya.

"Nimefuata ulivyoandika, daktari," mwalimu akasema. "Sikuruka neno."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nitasema na lingine, maana nimeanza kusema. Njiani kurudi nilipiga hesabu chafu. Karatasi zile ningeweza kuziondoa kimyakimya na kuleta nyingine. Bi Nta angeonyesha chupa zake, wagonjwa wangelaumiwa kwa uzembe, na mimi ningebaki daktari msafi. Nilitembea na wazo hilo mpaka langoni pa kliniki. Kilichonigeuza ni ile pamba. Sikuona jinsi nitakavyoingia tena chumba kile, nikasimama karibu na mtu anayehesabu nyuzi za pamba, huku nimebeba uongo wa ukubwa ule.

Nikaingia karakana, nikaiweka karatasi mezani pake, nikamwambia ni yangu, na kwamba nilimkosea tangu siku ya kwanza. Hakushtuka. Alisema aliiona siku ileile nilipoleta meno ya mwalimu, maana ipo ubaoni pale mapokezi na yeye hupita hapo kila asubuhi.

Hasira ikanipanda, ingawa sikuwa na haki nayo. Nikamuuliza kwa nini basi amejitesa siku zote hizi na jibu alikuwa nalo.

"Nilikuwa na jibu la kosa lako, mwanangu," akasema. "La kwangu nilikuwa sijalipata."

Sikumwelewa. Nilidhani anajinyenyekeza tu, kama watu wazima wanavyofanya.

Siku ya arobaini tulikaa watatu ofisini kwa mkuu wa kliniki. Chupa zilikuwa zimepangwa mezani, daftari limefunguliwa. Nilianza mimi. Nilisoma karatasi yangu kwa sauti, nikaeleza nilichokiona kwa mwalimu, nikasema barua ile naifuta na wale watano nitawaomba radhi mmojammoja. Mkuu akavuta mkataba wa Bi Nta, akafungua kalamu.

"Naomba usubiri," Bi Nta akasema.

Akachukua ile chupa nzuri kuliko zote, ya kifuniko kimoja na dakika kumi. Akatoa ndugu mmoja kati ya sita, akamkausha, akamweka mbele ya mkuu pamoja na pamba. Kwa macho kipande hicho hakikuwa na neno, cha waridi kabisa. Akamwambia apitishe mwenyewe. Mkuu akapitisha, na pamba ikaacha nyuzi.

Bi Nta akaeleza kwamba seti ya ndugu huyo aliipika siku ambayo umeme ulikatika. Aliipua kabla ya wakati, akajiambia haitaonekana. Haikuwa ya mwalimu wala ya yeyote aliyelalamika. Lakini plastiki isiyoiva vizuri huanza kukwaruza hata kwa dawa ya kipimo halali, na siku hiyo alipika seti tatu. Namba zake aliziandika pembeni ya daftari. Wenye meno hayo bado hawajui, akasema, na atawatengenezea mengine.

Mkuu wa kliniki alikishika kile kipande, akakigeuza, akakirudisha.

"Unajua umenipa sababu ya kukuondoa," akasema. "Karibu wiki sita huyu ameitafuta, hakuipata."

"Najua," Bi Nta akajibu. "Ndiyo maana nimeileta kabla hujasaini."

Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Kisha akasaini. Nami nikajifanya nahesabu chupa, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka mbele ya bosi wangu na sikuwa na leso.