Chembe Zisizoshtuka

Dada mtu aliandamwa na majipu na homa za tumbo tangu utotoni. Jipu moja likikauka, jingine linachipuka. Mama yao, mwanamke ambaye sakafu yake ungeweza kulia chakula, alikuwa ameshatoa hukumu: mtoto huyu haogi akatakata. Akamtengea sahani, akamtengea kikombe, mwisho hata kiti. Na kwa kuwa dada alikuwa fundi wa kushona, wateja nao walianza kuchoropoka mmoja mmoja, bila kuaga.

Mdogo wake alikuwa mtafiti wa maabara. Alimtoa dada damu, akazitenga chembe nyeupe, wale askari wa mwili, akazitilia vipande vya ukuta wa bakteria. Chembe za mtu mwenye afya zingeshtuka papo hapo. Za dada zilitulia kama maji ya mtungini.

"Mlinzi wa ndani ya chembe, ile protini inayotambua bakteria, yupo," alimwambia mkuu wake. "Nimempima, hana kasoro. Ila ni kama haoni kitu."

"Umekitazama kimeng'enya kinachoshughulikia sukari?"

"Kile? Si mpishi tu kile, kazi yake kuipa chembe chakula?"

"Ndivyo tulivyodhani sote. Lakini vipande vile vina sukari ndani yake. Kimeng'enya kisipovitia alama kwanza, mlinzi havitambui."

Basi akazipa chembe za dada vipande vilivyokwisha kutiwa alama. Zikaamka. Alivua glavu, akaenda kusimama dirishani mpaka macho yakamkauka.

Nyumbani alieleza taratibu. Dawa ya kuiondoa kasoro ile haikuwapo. Daktari angeweza tu kuwahi kutibu, kabla ugonjwa haujaota mizizi.

"Kwa hiyo si uchafu," dada alisema kutoka kitandani.

"Si uchafu. Umezaliwa nayo."

"Kaitoa wapi?" mama aliuliza.

Mtafiti alimgeukia. "Nusu kwa marehemu baba. Nusu kwako, mama. Nyinyi hamkuugua kwa sababu kila mmoja alikuwa na nusu nyingine nzima."

Mama aliinuka, akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda cha binti yake.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikusugua kwa maneno mpaka ukachubuka."

"Mama, umenikalia mguu."

Mama hakuondoka. Aliuinua ule mguu wenye jipu, akaupakata.