Chupa ya Mwisho ya Marlys

...na nimeshasema mke wangu yuko hotelini, jua limemchoma, sijui hata maneno hayo yametoka wapi, yameniponyoka tu, na sasa huyu Rosendo, mpika bia wa hapa, ameshika chupa mkono huu na opena mkono ule, opena imeshauma kizibo, ananitazama, “Nifungue, mzee wangu, au tumsubiri shemeji?” na mimi nimekaa kwenye stuli ndefu mbele ya ubao wa glasi nne ndogo za kuonjea bia zake, jasho linanitiririka mpaka ndani ya soksi, maana nani mwingine huja ufukweni Mexico na soksi kama si mtu wa Saskatchewan, kule Kanada kwenye theluji, Marlys angesema vua hivyo vitu Norbert, watu wanakutazama... lakini soksi ndizo zilizoisafirisha chupa, siku zote tulifanya hivyo, chupa ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu katikati ya sanduku, kwa sababu sisi tunaopika bia nyumbani hatuendi kwa mpika bia mwenzetu mikono mitupu, unampelekea yako, anaionja mbele yako, anakukosoa, unamkosoa, mnaachana mkiwa ndugu... sisi, nasema sisi, nao uongo mwingine huo, mpishi alikuwa yeye, mimi nilikuwa muosha chupa, miaka ishirini na sita ndani ya banda la gari, yeye na mabuti yake ya mpira anakoroga shayiri, mimi na brashi yangu kwenye karai, hakuniruhusu hata siku moja kugusa hamira, “Mikono yako ina bahati mbaya,” alikuwa akisema, na kweli ninayo... “Ya lini hii?” Rosendo anainua chupa kwenye mwanga wa dirisha, anasoma mwandiko wa Marlys juu ya kizibo, ule mwandiko wa kulala upande, “Aprili. Aprili hii?” nami naitikia kwa kichwa, ndiyo, Aprili hii, Mungu wangu, ni Aprili ya mwaka juzi, na bia za namna hii, zile zinazotiwa maua machungu kwa wingi, hazitaki kuwekwa, miezi mitatu tayari ni mingi, mtu yeyote katika chama chetu cha wapika bia angenicheka hadi akae chini, Marlys mwenyewe aliwagombeza watu kwa kosa hilohilo, “Bia si picha ya harusi, inyweni!” na mimi nimeificha nyuma ya chupa ya haradali majira mawili ya baridi, kila nikifungua friji naitazama, nafunga friji... itakuwa na ladha ya boksi lililolowa, najua, na Rosendo ataonja na kukaza uso wa adabu, “Nzuri, nzuri sana,” na uso ule wa adabu utakuwa wa kumhurumia Marlys, ambaye hajawahi kupika bia ya kuhurumiwa, naye hayupo wa kumjibu, angemwambia osha kwanza glasi yako, kijana... dada yake Rosendo anapita na trei, Itzel, ndiye aliyenipokea mlangoni, “Rosendo, acha kumbana mzee, huoni anamwogopa mkewe? Akifungua bila ruhusa leo atalala nje!” na Rosendo, “Wewe unaona anaogopa, mimi naona ana heshima, mumeo angekuwa nayo hata nusu,” na Itzel, “Mume wangu mwache alivyo, wewe hata wa kumwogopa hujampata,” wanacheka, nami nacheka nao, kwa nini nimesema yuko hotelini, kwa nini, mtu mzima wa miaka sabini na moja... ni kwa sababu sijui linavyosemwa lile neno, ndivyo, sijalisema hata mara moja, sikuhitaji, nilipotoka hospitali siku ile ya Mei, Bohdan jirani yangu alikuwa ameshanikatia majani, mkewe ameshaniwekea bakuli la makaroni kwenye ngazi, binti yangu Colleen ndiye aliyepiga simu zote, pale posta yule mama alinishika mkono bila kusema kitu, kanisani walinisogezea kiti, mji mzima ulijua kabla sijavua koti, nikaona ni wema, na ulikuwa wema, sikatai, ila tangu hapo hakuna mtu aliyeniuliza chochote, miaka miwili, wote wanajua, wananipisha na mabakuli yao, wanazungumza habari za mvua, na jina lake hawalitaji wasije wakaniumiza, na mimi silitaji nisije nikawaumiza wao, ni upweke gani huu, kuwa katikati ya watu wanaokupenda wote na wote midomo wameifunga... kumbe huyu hapa, mwenye aproni iliyolowa, ndiye mtu wa kwanza kuniuliza mke wangu yuko wapi... nikimwambia atashtuka, ataweka opena chini, atasema pole, halafu ataniuliza alikuwaje, watu wa hapa huuliza, nimewasikia, wanauliza aliugua nini, alipenda nini, mlikutana wapi, na mimi ninayo majibu, ninayo mengi, nimejaa hadi hapa shingoni, tulikutana kwenye maonyesho ya mifugo, alinimwagia bia, hakuomba radhi, alisema nimesimama vibaya... “Mzee? Tumsubiri?” opena haijatoka kwenye kizibo, Itzel anafuta kaunta mbele yangu, nami nalijaribu kimoyomoyo kwanza, amekufa, amekufa, Rosendo, aliitwa Marlys, mwaka juzi, na bia yenyewe huenda imeshakufa pia, wewe onja, sema kweli, mbaya iwe mbaya, kisha uliza, uliza unachotaka, sina haraka, hakuna anayenisubiri hotelini, na navuta pumzi, na ananitazama bado, huyu mtu ambaye hajui.