Bendera ya Tatu

Mabaharia walimwita Mzee, ingawa Folkert Harmsen hakuwa amefikisha hata miaka thelathini. Nyambizi nzima aliyoiongoza ilikuwa na jicho moja, nalo lilikuwa lake. Wengine waliijua vita kwa masikio tu. Alipoinama kwenye darubini na kusema, "Ya Mwingereza hiyo," waliamini, na makombora yakaenda.

Meli ilipozama, aliibuka ili awaulize manusura jina la chombo chao, kama ilivyokuwa desturi. Mafuta yalikuwa yakiwaka juu ya maji. Alijibu mtu mmoja tu, kwa Kijerumani cha pwani ile ile alikozaliwa Harmsen.

"Mbwa nyie! Mnatuua wenzenu! Tumetoka Japani na shehena yenu ya mpira wa matairi!"

Meli ya nyumbani, iliyopakwa rangi za adui ili ipenye kati ya manowari zake.

Walimwopoa. Alikuwa Onno Tjarks, mchochea moto wa boila, mikono imeungua hadi viwiko. Mpishi alimlisha kwa kijiko.

"Tafuna, ndugu yangu. Supu yetu ya njegere nayo ni mpira."

"Afadhali angenipiga Mwingereza," Onno akasema. "Yeye angekuwa ananijua mimi ni nani."

Harmsen aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia lake. Alikuwa amekwisha kuungama kosa lake kwa redio, na jibu la makao makuu lilikuwa fupi: adui asijue kosa hilo, ingieni bandari ya Lorient na bendera tatu. Kila meli waliyoizamisha safarini ilishonewa bendera yake ndogo nyeupe, ya kupandishwa nyambizi ikirudi bandarini, iliyoandikwa uzito wa meli hiyo kwa wino mweusi. Serahangi Wessel, mkuu wa mabaharia wa sitaha, ndiye aliyezishona, na hiyo ya tatu aliimaliza kwa shangwe kabla habari hazijamfikia.

"Nipandishe tatu, Mzee?"

"Amri umeisikia."

"Nimeisikia. Na huyu wa humu ndani apite chini yake?"

Harmsen alivuta pazia lake. Aliyekaidi amri ya namna hiyo alinyang'anywa chombo, na pengine shingo.

Siku ya kuingia bandarini, Wessel alirudi na bendera mkononi.

"Bendeji zimekwisha, Mzee. Mikono yake inatoa maji. Nguo safi iliyobaki humu ni hii."

Harmsen akaomba mkasi, akaikata mwenyewe.

Gatini palikuwa na tarumbeta, na wauguzi wenye maua. Ofisa mmoja mnene alihesabu bendera kwa kidole, akakunja uso.

"Harmsen! Tuliambiwa tatu. Ya tatu iko wapi?"

Onno alikuwa akitokea mlangoni juu, mikono mbele kama mtu aliyebeba maji. Juu ya kitambaa cheupe kilichoizunguka zilionekana tarakimu nyeusi, nusunusu.

Harmsen alivua kofia yake nyeupe, ile ya makamanda peke yao.

"Ile pale, bwana."

Tarumbeta zilinyamaza moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa ya mpigaji aliyesimama mbali, ambaye bado hakuwa ameona.