Kondoo Kumi wa Tamie Kuroiwa

Jumatatu ya pili ya Machi, mwaka 2007, Tamie Kuroiwa alianika mashati manne ya mumewe, akaosha bakuli mbili za supu, kisha akaketi kwenye meza ya jikoni na kununua dola za New Zealand. Fomu ya kampuni ya fedha za kigeni kwenye kompyuta ilimuuliza ana uzoefu gani. Akaandika: kutunza nyumba, miaka ishirini na saba. Ikamuuliza fedha zinatoka wapi. Akafikiri kidogo, kisha akaandika: akiba.

Akiba hiyo ilikuwa imekaa ndani ya mtungi, chini ya pumba za mchele alimovundika matango, ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Mumewe, Shogo, alimkabidhi mshahara wote kila mwezi, kama walivyofanya wanaume wengi wa mtaa ule wa Ogaki, akarudishiwa posho ya sigara na chakula cha mchana. Chenji iliyobaki sokoni iliingia mtungini. Shogo hakuwahi kutia mkono humo, na asingeutia. Akiba ya mke haiulizwi. Benki nayo ilikuwa ikilipa kwa mwaka mzima riba isiyotosha kununua tonge la wali dukani.

Tamie aliweka yeni milioni moja na nusu, akabakiza laki tatu mtungini. Kampuni ikamkopesha mara tisa ya alichoweka. Kabla mashati hayajakauka, dola hizo zilikuwa kondoo kumi, wamesimama katika chumba kilichotandikwa mikeka sita, nyuso zimeelekea madhabahu ya wafu wa familia. Mmoja alikuwa wake na tisa wa kampuni, lakini hakuna aliyetiwa alama.

Alikuwa akimtafutia mama yake chumba. Bi Kinu, mwenye miaka themanini na moja, alilala huko milimani Gujo katika nyumba ya wazee, chumba cha vitanda vinne, chini ya dirisha lisilofungika vizuri. Mwanawe wa kiume alikwisha kufa. Karibu na stesheni ya Ogaki kulikuwa kunajengwa nyumba mpya ya wazee yenye vyumba vya mtu mmoja mmoja. Kiingilio kilikuwa yeni milioni tatu, kisha ada ya kila mwezi. Walikubali kumwekea chumba kimoja mpaka tarehe thelathini na moja Agosti.

Chumba cha mikeka sita kilikuwa kitupu tangu alipofariki mama mkwe, Bi Sadayo, ambaye Tamie alimuuguza humo kwa miaka saba. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mama yake Tamie angeweza kulala humo. Hakuna aliyekataa pia. Shogo alikuwa mwana wa kwanza, na nyumba ya mwana wa kwanza ina mama mmoja.

Kila alfajiri kondoo waliacha sufu kando ya sufuria ya umeme ya wali, konzi moja kwa kila kondoo. Hiyo ndiyo ilikuwa faida ya siku, kwa sababu riba za New Zealand zilikuwa kubwa na za nyumbani hazikuwapo. Tamie aliijaza katika foronya na kuipeleka kwenye duka la nyuzi. Mwenye duka alipima, akalipa, akasema msimu huu wanaoleta sufu ni wengi.

Jirani yake, Bi Hibino, alikuja kurudisha ubao wa matangazo ya mtaa, ule unaopitishwa nyumba hadi nyumba. Tangazo la tatu lilikumbusha kwamba mavi ya kondoo ni taka za kuchomwa, yatolewe Jumanne na Ijumaa tu.

"Mimi hilo silijali, shoga," alisema Bi Hibino. "Langu ni choo. Nimekopa mara ishirini, wamejaa mpaka kwenye korido. Nikitaka kukojoa nawaomba radhi mmoja mmoja."

"Na mumeo je?"

"Yule? Alimkalia mmoja akidhani ni mto. Akasoma gazeti mpaka mwisho."

Shogo hakumkalia yeyote. Aliporudi kazini aliwaruka, akaweka viatu vyake juu ya kabati wasije wakatafuna kamba, akauliza kama maji ya kuoga yako tayari. Hakuuliza kondoo wametoka wapi, Machi wala Julai.

Kufikia Julai dola ilikuwa imepanda na kondoo wamenona hata mlango wa karatasi wa chumba chao haufungiki. Tamie angewauza siku hiyo, angerudisha mkopo na kupata kiingilio chote. Alimpigia simu kijana wa kampuni, Nagase, mwenye sauti kama ya mtu aliyepiga magoti, akamweleza habari za chumba.

"Hongera sana, Mama Kuroiwa. Lakini ukiuza kondoo, ile ada ya kila mwezi utailipa na nini?"

Tamie alifungua daftari la matumizi, akalifunga.

"Chumba si kipo mpaka mwisho wa Agosti? Basi subiri. Sufu ndiyo itakayomtunza mama yako."

Yalikuwa maneno ya busara, na huenda Nagase mwenyewe aliyaamini. Tamie akasubiri.

Tarehe kumi na tatu Agosti, wafu wanaporudi makwao kwa siku nne, aliwasha moto mdogo wa vijiti langoni kuwapokea, akaweka farasi wa tango mwenye miguu ya njiti wa kuwaleta. Bi Sadayo alifika saa kumi na mbili jioni, kama kila mwaka, akavua viatu na kuingia chumbani kwake.

"Nani hawa?"

"Kondoo, mama."

"Nimewaona kuwa ni kondoo. Nauliza nani hawa wamekaa penye godoro langu."

"Ni wa New Zealand."

"Huh. Chai yetu hawaijui, naona wanatafuna mikeka tu. Na wewe umekonda, mkaza mwana. Wageni wataniambia sikukulisha."

Mdogo wake Shogo alikuwa amekuja na mkewe, na Tamie alipika, akapakua, akaosha, akapika. Katika siku hizo mke wa mwana wa kwanza hatoki nyumbani, maana chai ya wafu haimiminwi na mtu mwingine. Akipita karibu na kondoo aliona mbavu zao. Tarehe kumi na tano hawakuacha sufu yoyote.

Tarehe kumi na sita saa tano asubuhi Nagase alipiga simu. Katika miji ya mbali watu walikuwa wameogopa, na kila aliyeogopa alikuwa akiuza dola na kurudia yeni, nayo dola ikaporomoka.

"Mama Kuroiwa, fedha ulizoweka dhamana zimepungua. Tunahitaji laki tatu kabla ya saa tisa alasiri. Zikikosekana tutawachukua wanyama."

Laki tatu zilikuwamo mtungini. Mashine ya benki ilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili kwa baiskeli. Tamie alinawa pumba mikononi, akafunga bahasha, akaenda kupiga magoti kwenye mlango wa chumba cha mikeka sita.

"Mama, naomba nitoke mara moja."

"Uende wapi, na mimi nipo?"

"Benki."

"Kwa shida ya nani?"

"Ya mama yangu."

Bi Sadayo alimsogeza kondoo mmoja aliyekuwa akiegemea goti lake. "Mama yako ana mwana wa kiume."

"Alifariki, mama. Mwaka wa sita huu."

"Najua. Huwa tunaonana naye. Kijana mwenye adabu, ananisalimia kila mara." Akasukuma kikombe mbele. "Hii imepoa."

Shogo alikuwa kwenye kibaraza na mdogo wake, hatua nne kutoka hapo. Tamie angeweza kumwita. Lakini ili amtume benki angepaswa kusema kondoo, na ili aseme kondoo angepaswa kusema mtungi, na chini ya mtungi kulikuwa na miaka ishirini na saba ambayo hawakuizungumza. Akatia bahasha ndani ya mkanda wa aproni. Akamimina chai.

Saa tisa kamili kondoo waliinuka, wakapanga mstari, wakatoka kwa mlango wa mbele bila kukanyaga kiatu cha mtu. Wa kwake alikuwa mmoja kati ya wale kumi. Tamie alitazama kama kuna atakayebaki nyuma. Nyumba ya jirani nako walikuwa wakitoka, ishirini na mmoja, na Bi Hibino alikuwa amesimama langoni mikono imelegea, akiwaomba radhi mmoja mmoja.

Jioni waliwasha moto wa kuaga. Bi Sadayo alipanda ng'ombe wa biringani, wa safari ya kurudi, na kwenda polepole, kama desturi. Shogo aliukoroga moto kwa kijiti.

"Mikeka itabidi tubadilishe," alisema.

"Ndiyo."

"Ningekwenda mimi huko benki."

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Nilidhani ni mambo yako."

"Yalikuwa mambo yangu," alisema Tamie, akamwaga maji juu ya majivu.

Tarehe mosi Septemba nyumba ya wazee ilipiga simu kusema chumba amepewa mtu mwingine. Wiki iyo hiyo ilikuja kadi ya Nagase: anayeanza upya atazawadiwa yeni elfu tano.

Bi Kinu alikufa Februari, chini ya dirisha. Siku chache kabla ya hapo alimwambia bintiye, "Nikifa nitakuja kwako mwezi wa nane."

"Huwezi, mama. Wanaoingia kwetu ni wa upande wa Shogo."

"Basi nitasimama nje."

Agosti iliyofuata, tarehe kumi na tatu, Tamie aliwasha moto langoni. Bi Sadayo alifika, akavua viatu, akasifu mikeka mipya. Nyuma yake, upande wa pili wa barabara, Bi Kinu alisimama juu ya lami ya moto na kimwavuli cha jua. Hakuwa na farasi. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Gujo.

Tamie alitoka na bilauri ya chai baridi ya shayiri.

"Kunywa haraka, mama."

Bi Kinu alikunywa yote na kumrudishia bilauri. Kutoka ndani, Bi Sadayo alimwita Tamie: chai imepoa.